Uzoefu wangu na programu ya modeli za majengo: mita za mraba zilizoishia ndani ya kuta

Huu ni mwaka wa nne natumia programu hii ya kuunda modeli za majengo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sikuwahi kuitilia shaka hesabu yake ya maeneo. Nikishazungusha kuta na kubofya katikati, chumba hupatikana na eneo lake hujiandika lenyewe. Nikisogeza ukuta, tarakimu hubadilika papo hapo. Starehe hiyo ndiyo iliyonifanya nimpelekee mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu anayepima kazi na kukadiria vifaa na gharama zake, jedwali la vyumba 46 vya jengo la ofisi bila kukagua hata chumba kimoja kwa mkono. Alinijibu siku hiyohiyo kwamba jumla yangu imezidi yake kwa zaidi ya mita za mraba 70, kisha akaniuliza: "Msanifu, hivi vigae vitakavyobaki tutavipachika ndani ya kuta?"

Alikuwa anatania, kumbe humo ndimo hasa programu ilimokuwa imevipeleka. Katika mipangilio ya maeneo kuna swali moja ambalo mtumiaji asipolijibu hujibiwa kwa niaba yake: mpaka wa chumba uhesabiwe wapi? Unaweza kuwa kwenye uso wa ukuta uliokwisha kupigwa plasta, kwenye uso wa bloku chini ya plasta, au katikati ya unene wa ukuta. Faili ya kiolezo niliyoanzia kazi, ambayo nilirithi kutoka mradi wa zamani, ilikuwa imewekwa katikati ya ukuta. Kwa mtu asiyeona uzito wa jambo hili, achukue chumba chenye mita 4.00 kwa 3.00 ndani, kilichozungukwa na kuta za bloku za milimita 200 zenye plasta ya milimita 15 kila upande. Ukipima kutoka uso wa plasta unapata mita za mraba 12.00, ukipima kutoka uso wa bloku unapata 12.21, ukipima kutoka katikati ya ukuta unapata 13.66. Chumba ni kilekile na hakuna aliyekosea kuzidisha, lakini tofauti ya mita za mraba 1.66 katika chumba kimoja, ikirudiwa katika vyumba 46, ndiyo iliyonitia aibu. Mpangilio huo ni mmoja kwa mradi mzima, kwa hiyo kuubadilisha kulinichukua chini ya dakika moja, ila kuugundua kulinichukua asubuhi nzima kwa sababu umewekwa chini ya menyu ambayo jina lake halidokezi kabisa kwamba unahusu vipimo.

Nilidhani tumemaliza. Baada ya marekebisho jumla yangu iligeuka ikawa pungufu ya ile ya mkadiriaji kwa mita za mraba 4.86, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba makosa ya maeneo hupenda kufichana, moja likizidisha huku lingine likipunguza. Sehemu ya kwanza ya pengo ilikuwa nguzo. Jengo lina nguzo 24 za milimita 300 kwa 300 zilizosimama ndani ya vyumba, na programu ilizichukulia kuwa mipaka, ikatoa mita ya mraba 0.09 kwa kila moja, yaani 2.16 kwa jumla. Mkadiriaji yeye hakuwa amezitoa, kwa kuwa kanuni anazozifuata katika upimaji wa sakafu hazikati sehemu ndogo kiasi hicho. Kila kipengele katika modeli, kiwe ukuta au nguzo, kina alama ya kukifanya kiwe mpaka wa chumba au kisiwe; niliiondoa kwenye nguzo zote kwa mkupuo.

Zilibaki mita za mraba 2.70, na hizi zilinitoa jasho. Niliziwinda kwa njia ambayo sasa naifanya kuwa desturi: niliamuru ramani ya kila ghorofa ipakwe rangi kulingana na vyumba, kisha nikaitazama kama mtu anayetafuta doa kwenye kanzu. Katika stoo ya ghorofa ya pili, yenye mita 3.00 kwa 3.00, rangi iliishia kabla ya kufika ukutani na kuacha ukanda mweupe wa upana wa sentimita 90. Hapo hapakuwa na ukuta wala kitu chochote kinachoonekana. Nilipofungua tabaka zote zilizofichwa, uliibuka mstari wa kutenganisha vyumba ambao niliuchora miezi kadhaa kabla, wakati stoo ilipotarajiwa kuwa na kaunta ya kupokelea mizigo. Kaunta ilifutwa, mstari ukabaki, na mtu mwingine akazima mwonekano wa mistari ya aina hiyo katika ramani zote. Programu iliendelea kuutii. Hilo silielewi hata leo: kwa nini kitu kilichofichwa machoni kiendelee kukata eneo bila jedwali kutoa ishara yoyote?

Tatizo la kinyume chake, yaani chumba kinachovuja, angalau hujitangaza. Mhandisi wa miundo aliponiletea faili yake, niliiunganisha na yangu na kufuta kuta zangu za zege kuzunguka ngazi ili zisijirudie. Mara chumba cha ngazi na korido vikawa kitu kimoja, na onyo likatokea kwamba chumba hakijafungwa barabara. Kuta zilikuwepo mbele yangu, ila zilikuwa za faili ya jirani, na kuta za namna hiyo hazihesabiwi kuwa mipaka mpaka faili yenyewe iruhusiwe katika sifa zake. Onyo lilisema ukweli, lakini halikusema mpaka umevunjika upande gani. Kwa programu inayoweza kuhesabu eneo hadi desimali ya pili, kushindwa kuzungushia duara jekundu mahali penye mwanya naona ni uvivu wa watengenezaji.

Chumba cha darini nakitaja kwa sababu kimewapoteza wengi. Programu hukata chumba kwa kimo fulani kutoka sakafuni na kuhesabu eneo la mkato huo. Kuta zikiwa wima, kimo hakina maana. Kwenye dari lenye mteremko wa nyuzi 45 unaoanzia sakafuni upande mmoja, upana wa mita 6.00 na urefu wa mita 5.00, mkato wa sakafuni hutoa mita za mraba 30.00, na mkato wa kimo cha mita 1.50 hutoa 22.50. Hakuna jibu sahihi mpaka ujue kanuni inayotumika. Kanuni ya Ujerumani ya eneo la makazi, kwa mfano, huhesabu kikamilifu sehemu yenye kimo cha mita 2 na kuendelea, na kwa nusu ile ya kuanzia mita 1 hadi chini ya 2. Kwa mteremko ulionyooka kama huu, hesabu hiyo nayo huangukia 22.50. Nilifurahi nilipoligundua hilo, ingawa mteremko ukibadilika katikati au dari likiwa na dirisha lililochomoza, usawa huo hupotea.

Desimali nazo zina vituko vyake vidogo. Vyumba vitatu vya mita za mraba 10.44 vikionyeshwa kwa desimali moja husomeka 10.4 kila kimoja, lakini jumla husomeka 31.3 badala ya 31.2, kwa sababu programu hujumlisha tarakimu kamili kabla ya kuzikadiria. Iko sahihi, ila jiandae kumweleza mteja mwenye kikokotoo.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Hesabu yenyewe sijawahi kuikuta na kosa. Nyota mbili nimezinyima kwa mipangilio iliyozikwa na maonyo yasiyoonyesha mahali. Majedwali yangu sasa yana mstari wa juu unaotaja mpaka umepimwa wapi, kama nguzo zimetolewa, na mkato umefanywa kwa kimo gani, na mkadiriaji wangu huusoma mstari huo kwanza kabla hajafungua kurasa nyingine.