Taa za Halloween nyumbani: nimejaribu tatu, moja imerudi dukani

Kabla sijasema lolote, ngoja nizime taa ya dari. Haya. Sasa nawasha tochi ya simu, naishika juu ya kichwa. Mnaniona? Mimi yule yule. Naishusha chini ya kidevu… eeh, mmeona! Uso ni ule ule, tochi ni ile ile, na sijatoa hata shilingi. Jua liko juu, balbu ziko juu, kwa hiyo tumezoea kuona kivuli chini ya pua na chini ya nyusi. Mwanga ukitoka chini, vivuli vinapanda, na uso unaoujua unageuka wa mtu mwingine. Basi vitu vitatu nilivyonunua Luthuli Avenue, Nairobi, navipima kwa kipimo hicho: kinanipa kivuli, ama rangi tu?

Halloween ya mwaka jana, usiku wa kutishana, nilikosea. Nilizungusha taa za utepe ukutani kote, juu kabisa, zambarau, zikimetameta. Mpwa wangu akasimama mlangoni akaniuliza, "Anti, hii matatu inaenda Rongai?" Tulicheka sana, lakini usiku huo hakuna aliyeogopa.

Utepe ni huo huo, mita 5, shilingi 800, unachomeka kwenye chaja ya simu. Safari hii nimeuficha chini ya kochi na nyuma ya meza ya runinga, sakafuni. Tazameni ukuta ule: hata mmea wangu unaokaribia kufa umepata kazi, kivuli chake kimefika darini.

Sogeeni karibu kidogo. Nikiweka rangi nyeupe, huku mwanzo ni nyeupe, kule mwisho imeingia wekundu. Waya ni mwembamba, nguvu ya umeme inapungua kadiri unavyosafiri, na vitaa vya bluu na kijani vinahitaji volti nyingi kuliko vyekundu, kwa hiyo vinachoka kwanza. Kwa sebule ya kila siku ningelalamika. Kwa Halloween nimependa, panafanana na makaa yanayozimika. Na hiyo mistari inayopita kwenye skrini, msilaumu simu zenu. Ukipunguza mwanga kwa rimoti, taa inawaka na kuzimika haraka haraka. Jicho halioni, kamera inaona. Wakati wa kupiga picha za wageni, rudisha mwanga wote. Gundi ya nyuma ni ya uongo, nunua selotepu.

Sasa kipenzi changu: mishumaa ya betri, sita kwa 450. Nimeitia ndani ya malenge. Malenge ya mama mboga wetu ni la kijani, ngozi ngumu, limenichukua dakika arobaini na kisu cha jikoni, na halifanani na yale ya picha. Sijali. Watu wa Ayalandi walikuwa wakichonga tanipu, mzizi wa duara unaoliwa, kabla desturi haijavuka hadi Marekani, huko ndiko malenge yalikokuwa tele. Wewe chonga ulichonacho.

Kasoro ya mishumaa hii ni kwamba inacheza mtindo mmoja, inarudia rudia. Mtoto mwerevu atagundua. Nimeweka miwili ndani ya malenge moja, mmoja nikauwasha nikiwa nimechelewa kidogo, midundo ikapishana, na macho ya malenge yanatembea ukutani bila mpango. Chagua yenye mwanga wa njano, ile myeupe inafanya nyumba iwe kama korido ya hospitali.

Jambo moja sicheki nalo. Ndani kuna betri bapa, kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2. Mshumaa ambao mfuniko wa betri hauna skrubu, urudishe dukani. Ukishuku amemeza, kimbia hospitali, usingoje aanze kulia. Nilikuwa nimefikiria koroboi ya mama, moto wake hauna mpinzani, lakini watoto watakuja wamejitanda mashuka yanayoburura sakafuni. Hapana.

La tatu ni balbu ya UV, ile ya miale ambayo jicho haliioni, 600. Ya kweli inafanya shati jeupe la shule ling'ae, kwa sababu sabuni ya unga ina kemikali inayogeuza miale hiyo isiyoonekana kuwa mwanga wa bluu. Maji ya toniki nayo yanang'aa, kazi ya kwinini. Nikavaa shati, nikamimina toniki kwenye glasi, nikawasha. Kimya. Ilikuwa balbu ya zambarau, basi. Nimeirudisha. Ukienda kununua, beba karatasi nyeupe ya printa na uombe iwashwe hapo hapo kaunta, mkono ukiziba mwanga wa duka.

Jumamosi nilifanya majaribio na watoto wa ploti. Hapa giza linaingia saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo wanaweza kuogopa na bado wakalala mapema. Saa mbili kasoro mvua ikashuka, stima ikapotea. Ploti nzima tii! Utepe wangu ulikuwa kwenye pawabenki, ukaendelea. Mlango ukabishwa, nikafungua bila kuwaza, na malenge nyuma yangu. Alikuwa keateka, amekuja kuuliza kwa nini kwangu tu kuna mwanga. Hakumaliza swali.