Kumtafuta Anneke Jans: nasaba ya kununua na nyaraka za bure

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma ili muamue tu kama mtoe pesa au mzibane. Kama kwenye ukoo wenu, au ukoo mlioolewa, yumo mwanamke wa New Netherland, koloni ya Waholanzi ya karne ya 17 ambayo leo ni New York na jirani zake, msilipie kwanza kuchorewa nasaba. Fungueni tovuti ya Stadsarchief, jumba la nyaraka la jiji la Amsterdam. Halafu fungueni tafsiri za nyaraka za Kiholanzi zinazohifadhiwa Albany, makao makuu ya jimbo la New York. Zote mbili ni bure, na kwa mwanamke niliyekuwa namtafuta zimenipa mengi kuliko kile kilichonunuliwa.

Mwanamke mwenyewe ni Anneke Jans. Mavyaa wangu ni mzaliwa wa Albany, na tangu niolewe nimemsikia akisema kwamba wao ni kizazi cha Anneke, kwamba Anneke alikuwa mjukuu wa William wa Orange, mwanamfalme aliyewaongoza Waholanzi, na kwamba kipande cha Manhattan kilipaswa kuwa mali yao. Mimi ni mtu wa Tanga. Maneno hayo yangeweza kunipita. Lakini nina watoto ambao ni damu yake, nao wameanza kuuliza. Mtoto akiuliza bibi wa bibi yake alikuwa nani, nataka nimjibu kwa jambo nililoliona limeandikwa.

Mume wangu na dada zake walichanga dola 350 wakamlipia mama yao huduma ya kutafutiwa ukoo. Kampuni siitaji. Kilicholetwa kinapendeza macho: karatasi nzito, wino wa dhahabu, ngao ya ukoo juu, na majina yanashuka kutoka kwa William hadi kwa mavyaa bila kukatika. Ila hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa habari imetoka wapi, daftari gani, kanisa gani, ukurasa upi. Nilipowaandikia, walinijibu kwamba vizazi vya juu vimekusanywa kutoka kwenye miti ya wateja wengine. Yaani huyu amenakili kwa yule, yule kwa mwingine, na hakuna aliyefungua daftari.

Na daftari la vizazi hivyo vya juu halipo. Anneke alizaliwa karibu mwaka 1605 huko Flekkerøy, kisiwa cha pwani ya kusini ya Norwe. Kitabu cha kanisa cha zamani kuliko vyote vilivyobaki Norwe kinaanza mwaka 1623, na mwaka huo Anneke alikuwa bi harusi tayari, tena mjini Amsterdam. Mama yake tunamjua: Trijn Jonas, mkunga, ambaye baadaye alifanya kazi hiyohiyo New Amsterdam, mji ambao leo ni New York, akilipwa na Kampuni ya West India, kampuni ya Waholanzi iliyoitawala koloni. Binti wa mkunga, mke wa baharia. Kumpachika kwenye ukoo wa kifalme ni kumvua maisha yake halisi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko zile pesa.

Hadithi ya ufalme haikuota yenyewe. Ilioteshwa na ardhi. Karibu mwaka 1636 mume wa kwanza wa Anneke, Roelof Jansz, alipewa shamba la ekari 62 upande wa magharibi wa Manhattan, kando ya mto Hudson, mahali ambapo leo ni mtaa wa Tribeca na jirani zake. Roelof akafa muda mfupi baadaye, shamba likabaki kwa mjane. Mwaka 1671, Anneke akiwa ameshafariki, warithi wake walimuuzia shamba gavana Mwingereza, Francis Lovelace, ila upande wa mwanawe mmoja, Cornelis Bogardus, haukutia saini. Mwaka 1705 ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa kanisa la Trinity, la Kianglikana, kwa hati ya Malkia Anne wa Uingereza. Mnaweza kukisia yaliyofuata jiji lilipokua. Kizazi baada ya kizazi watu walijitokeza kudai urithi, kesi zikaendelea katika karne ya 19 hadi ya 20, na kanisa likashinda kila mara. Katikati ya kelele hizo wakatokea watu wa kukusanya michango kwa “warithi”, wakiwaahidi ardhi ya New York na hazina ya kifalme iliyofichwa Uholanzi. Hazina haikuwapo. Kwa hiyo ngao ile ya dhahabu kwenye karatasi ya mavyaa ina historia yake, lakini historia hiyo ni ya watu waliotaka mali ya Anneke, si ya Anneke.

Sasa Stadsarchief. Jumba lenyewe liko mtaa wa Vijzelstraat, katika jengo kubwa la De Bazel, lakini mimi sijalazimika kupanda ndege. Faharasa za majina zipo mtandaoni, na picha za kurasa zenyewe unazitazama bila malipo. Kwa anayetafuta mwanamke wa karne ya 17, kitu cha thamani kuliko vyote humo ni madaftari ya kutangaza ndoa, yanayoanzia mwaka 1565 na kufika 1811. Waliotaka kuoana walikwenda mbele ya makarani, na karani akaandika jina, umri, walikotoka, wanakoishi, kazi ya mwanamume, na nani kati ya wazee amekuja kutoa ridhaa. Hebu fikiria ni mangapi hayo kwa msichana maskini aliyezaliwa kisiwani.

Tangazo la Anneke ni la Aprili 1623. Roelof ni baharia wa miaka 21, mtu wa Marstrand, mji wa kisiwani uliokuwa wa Norwe wakati huo na leo uko Uswidi. Bibi harusi ana miaka 18, ametoka Flekkerøy, na mama yake yuko pamoja naye. Nilimwita mavyaa aje aone. Aliisogeza picha, akaikuza, akafuata herufi za karani kwa kidole, na mara ile akaacha kunizungumzia habari za William. Karatasi ya dola 350 haikumfanya aangalie namna hiyo.

Kutafuta kunahitaji mbinu, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Usiandike jina kama lilivyo kwenye mti wa mtandaoni. Jans ni jina la baba tu, binti wa Jan, kwa hiyo si jina la ukoo. Jaribu Anna, Annetje, Anneken, jaribu mume peke yake, jaribu mji. Ukiona mwaka na mahali vinakubaliana, fungua picha, usitosheke na faharasa, maana faharasa imechukua majina na kuacha mengine yote. Mwandiko wa makarani wale ni mgumu kweli, herufi zimelaliana, na asiyejua Kiholanzi atahitaji kamusi na subira. Lakini maneno ya tangazo yanajirudia, kwa hiyo baada ya kurasa chache jicho linazoea: hapa umri, hapa mtaa, hapa shahidi.

Humohumo kuna nyaraka za wathibitishaji wa mikataba, kuanzia 1578, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2017 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Hizo ni nyingi mno, na watu wa kujitolea bado wanaziwekea faharasa, kwa hiyo jina lisiloonekana leo linaweza kuonekana mwakani. Nimejiwekea ahadi ya kurudi.

Kutoka bandarini Uholanzi mpaka shambani, nyaraka za Albany ndizo zinazoendelea. Anneke na Roelof walivuka bahari mwaka 1630 kwa meli iitwayo Eendracht, wakaenda kulima katika eneo alilolimiliki Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa vito wa Amsterdam ambaye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku. Eneo hilo, Rensselaerswyck, liko hapahapa Albany tunapoishi, kwenye nchi ya Wamahican, wenyeji wa asili. Barua na hesabu za van Rensselaer zilihifadhiwa, na mshahara wa Roelof umo: gilda 180 kwa mwaka.

Ni jambo la kushukuru kwamba kuna chochote cha kusoma. Kumbukumbu nyingi za zamani za Kampuni ya West India, zile za kabla ya 1700, ziliuzwa Uholanzi kama karatasi taka mwaka 1821. Kisha Machi 1911 jumba la serikali la Albany likaungua, na maktaba ya jimbo ikiwa ndani. Majuzuu ya Kiholanzi yalikuwa rafu za chini, na yale ya Kiingereza yakayaangukia na kuyafunika, ndipo mengi yakapona, kingo zikiwa zimeungua. A. J. F. van Laer, mtaalamu wa nyaraka aliyekuwa akiyatafsiri, alipoteza kazi aliyokwisha kuifanya, naye akaanza upya. Tangu 1974 Charles Gehring akaiendeleza kazi hiyo, na nyaraka zote ni takriban kurasa 12,000. Tafsiri nyingi zimewekwa mtandaoni na New Netherland Institute na Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo. Mimi niko karibu, nikaenda hadi Cultural Education Center, jengo lenye hifadhi hiyo. Nilihudumiwa vizuri sana na mhudumu aliyenionyesha majuzuu mawili ambayo nisingeyafikiria. Hakuna kiingilio.

Humo ndimo Anneke anapopata mwili. Mwaka 1638 ameolewa mara ya pili, na mchungaji Everardus Bogardus, mtu mwenye ulimi mkali aliyegombana waziwazi na mkurugenzi wa koloni, Willem Kieft. Mwaka 1647 wote wawili walipanda meli moja, Prinses Amelia, kwenda kujieleza Amsterdam. Ikavunjika karibu na Swansea, pwani ya Wales, na wakafa maji. Anneke akabaki mjane mara ya pili na kundi la watoto wa waume wawili. Alihamia Beverwijck, ndiyo Albany ya leo, na mnamo Januari 1663 akaandikisha wosia. Kabla mali haijagawanywa, anaagiza watoto wa Roelof wapewe kwanza gilda 1,000 kutokana na shamba la Manhattan, kwa sababu lilikuwa la baba yao. Chini ameweka alama yake kwa mkono, si jina. Nimeusoma wosia huo mara nyingi kuliko waraka mwingine wowote, na naona mama anayejua ugomvi utakaokuja, akijaribu kuuzuia.

Bintiye Sara, aliyeolewa na tabibu Hans Kierstede, alijua lugha ya wenyeji wa Lenape kiasi cha kuwa mkalimani wa Peter Stuyvesant, mkurugenzi wa koloni baada ya Kieft. Kampuni ya kulipia ilimwandika kwa mstari mmoja: jina, mwaka, mume.

Kuna jambo jingine ambalo mimi, Mwafrika ndani ya ukoo huu, nisingeweza kulipita. Orodha za ndoa na ubatizo za kanisa la New Amsterdam zinaanza mwaka 1639, wakati Bogardus ndiye mchungaji. Mei 1641 wameandikwa Anthony van Angola na Lucie d'Angola, mgane na mjane, wanaoana. Wako kwenye orodha ileile wanamoandikwa Waholanzi wanaooana. Watumwa wa Kampuni walikuwa Manhattan tangu miaka ya 1620, na mwaka 1644 wanaume kumi na mmoja walipewa nusu uhuru pamoja na wake zao, huku watoto wao wakibaki mali ya Kampuni. Baadhi yao walipata mashamba si mbali na lile la Anneke. Ukinunua mti wa nasaba, unapewa mstari wa jina lako peke yake, na hawa hawamo. Ukifungua daftari, unawakuta wote pamoja. Wanangu wataonyeshwa ukurasa mzima.

Sasa mipaka, ili mtu asije akanilaumu. Baada ya Waingereza kuchukua koloni mwaka 1664, sheria yao ilianza kumfunika mwanamke kwa jina la mumewe, na kumfuata kunakuwa kugumu kuliko zama za Waholanzi, ambapo aliandikwa kwa jina lake hadi kufa na alifanya wosia wa pamoja na mume. Kisha madaftari ya ubatizo ya kanisa la Reformed la Albany yaliyobaki yanaanza 1683. Kati ya kifo cha Anneke na mwaka huo kuna miaka ishirini ambayo utaiziba kwa wosia, hati za ardhi na kesi za mahakama, moja moja. Kwa vizazi vya baadaye FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, nayo bure ukishajiandikisha, inasaidia sana, alimradi ufungue picha za madaftari na si miti iliyochorwa na watu.

Mtaalamu wa kulipwa naye ana mahali pake. Kama huwezi kabisa kusoma mwandiko wa karne ya 17, mlipe mtu akusomee ukurasa ulioutaja wewe, kwa saa, na akupe nakala pamoja na namba ya daftari. Hiyo ni kazi halali na ningeilipia. Nisingelipia tena nasaba iliyofungwa tayari. Na mtu yeyote akikuomba ada ili akuandikishe kuwa mrithi wa ardhi ya Anneke Jans, usimpe hata senti. Madai hayo yalikwisha mahakamani zamani.

Mavyaa ameomba nimchapie ukurasa wa 1623 kwa ukubwa, na chini yake tafsiri. Nimeshaanza kumtafuta mkunga Trijn kwenye majuzuu ya Kampuni, maana mavyaa naye alikuwa muuguzi wa wazazi kwa muda mrefu, na huyo ndiye anayemuulizia sasa kila nikifika kwake.