Albamu ya sarafu ya watoto kutoka tao: albamu chukua, ule mfuko wa "sarafu adimu" waachie

Kwa wale wanauliza kama hizi albamu za sarafu zinazouzwa tao pamoja na kamfuko ka sarafu za nje zinafaa mtoto, jibu langu ni nusu nusu. Albamu yenyewe iko sawa, hivyo vingine vyote ni vya kupandisha bei tu. Mimi nilimchukulia msichana wangu wa gredi ya nne, nikalipa elfu moja na mia tano baada ya kuvutana na muuzaji mpaka akanuna, na ndani ya boksi kulikuwa na albamu ya jalada ngumu, lenzi ndogo ya plastiki, glavu nyeupe za mkono wa mtu mzima (sijui walifikiria mtoto gani) na huo mfuko.

Nianze na mfuko ju ndio uliniudhi. Sarafu nyingi zilikuwa za chuma za juzi juzi tu, nyeusi nyeusi, nchi zimechanganywa ovyo, lakini juu kabisa wameweka ile ya kuvutia macho, dola kubwa ya fedha ya Marekani imeandikwa 1884, na muuzaji akaapa ni ya ukweli kabisa. Sasa dola ya aina hiyo ikiwa halali ni fedha asilimia 90, na fedha haishikwi na sumaku. Tulipofika nyumbani nikamwambia mtoto atoe ile sumaku ya mlango wa friji tujaribu, ikarukia hiyo dola papo hapo! Msichana akacheka mpaka machozi, akataka kupima kila kitu ndani ya nyumba, kijiko, kitasa, hereni za mamake. Kwa hivyo kwa upande huo pesa yangu ilifanya kazi, lakini wewe huhitaji kununua feki ndio upate hiyo raha. Chukua shilingi moja ya Kenya ya 1966 na shilingi moja ya 2018 uweke karibu na sumaku, ile ya zamani haitikisiki ju ni shaba na nikeli, hii mpya ya twiga ni chuma kilichopakwa nikeli tu kwa hivyo inashika mara moja.

Albamu sasa. Kurasa zinatoka na kurudi vizuri, ringi zake ni ngumu, na mtoto anaona sarafu pande zote mbili bila kuitoa, hiyo ni pointi kubwa ju wakishaanza kutoa na kurudisha kila dakika zinaanguka chini ya kochi. Shida ni vile vifuko vya kurasa vya kuwekea sarafu vyote ni saizi moja. Senti kumi yetu ya 1966 ina upana wa milimita 30 na kitu, ni kubwa kuliko shilingi yenyewe ambayo haifiki 28, na haiingii hata ukilazimisha. Mtoto akaniuliza inakuwaje senti kumi inaishinda shilingi kwa ukubwa, nikabaki kukuna kichwa tu.

Shida ingine ni plastiki ya hizo kurasa. Ukifungua inanuka kama koti mpya la mvua, na hiyo harufu ndiyo ya kuogopa, ni PVC laini, ikikaa na sarafu muda mrefu inaacha utando wa kijani unaonata, hasa zile za shaba. Kwa sarafu za kuchezea haina neno. Zile za maana tumeziweka kwenye vile vikadibodi vya mraba vyenye dirisha la plastiki ngumu, unakunja unabana na stepla, ni bei ya chini na mtoto anaandika mwaka na nchi kwa mkono wake mwenyewe. Na tafadhali msimruhusu azisugue na ndimu ama dawa ya meno ndio zing'ae, sarafu ya zamani ikisuguliwa thamani inaisha hapo hapo. Ashike ukingoni, basi.

Kitu kimoja sikutarajia ni vile watoto wa sai hawazijui sarafu. Kila kitu ni M-Pesa, hata mama mboga unamtumia thelathini bob. Kwa hivyo tulianza na chenji ya matatu tu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumaliza wanyama wa sarafu za 2018, twiga wa shilingi moja, kifaru wa kobole (tano), simba wa ashu (kumi), ndovu wa mbao (ishirini). Akarudi nyuma akapata Kenyatta, akapata Moi, akauliza mbona hawa wazee walitolewa, na hapo nikamwonyesha Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kwamba pesa yetu haifai kuwa na picha ya mtu yeyote. Somo la siasa kwenye meza ya chai, bila mwalimu. Sai anawinda ile ya shilingi arobaini ya 2003 yenye Kibaki, iliyotolewa nchi ikitimiza miaka arobaini ya uhuru, na kila kondaa akimrudishia chenji anaigeuza kwanza, watu wa nyuma wanasubiri.

Zile tamu zaidi zilitoka kwa shosho wake, kwenye mkebe wa majani chai. Senti za East Africa zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimezunguka namba. Moja ni ya 1936 na jina juu ni Edward VIII, mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, na kwa lenzi ile ya plastiki (haya, lenzi iko sawa, nakubali) ukiangalia vizuri unaona kaherufi H kadogo, alama ya kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Si ya bei, zilitengenezwa nyingi sana, lakini msichana ameipa ukurasa mzima peke yake.

Nyota tatu kwa tano, zote za albamu na lenzi. Kama muuzaji anakubali kukuuzia albamu tupu bila mfuko, usilipe zaidi ya mia saba, na ukiwa na mtoto wa miaka miwili mitatu kwa nyumba iweke juu ya kabati, hizi vitu wanameza.