Redio ya Kwanza Kutoka Soko la Mkusanyiko: Ipi Itangulie

Mikusanyiko ya wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha na si kwa biashara, iwe mikubwa kama Hamvention iliyoanzia Dayton, Ohio, mwaka 1952 na kuhamia Xenia mwaka 2017, au midogo ya klabu moja ndani ya ukumbi wa kukodi, kwa kawaida huwa na soko la mitumba, na wengi hununulia hapo redio yao ya kwanza. Hapa nimezipanga aina tano za vyombo vinavyouzwa humo, kuanzia kinachomfaa zaidi anayeanza. Katika kupanga madaraja haya sikuangalia ubora wa chombo kilipokuwa kipya, bali kiasi ambacho mnunuzi anaweza kukihakiki kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa mali ya mezani mara nyingi haina dhamana na anayenunua bila kujaribu amenunua mbuzi kwenye gunia.

Nafasi ya kwanza inakwenda kwa redio ya mawimbi mafupi ya wati 100, iliyotumika lakini isiyo ya valvu, yaani zile taa za kioo za redio za zamani. Icom IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ni mfano mzuri, ingawa zipo za zamani zaidi zinazofanya kazi vizuri. Redio hizi hutumia umeme wa volti 13.8 na huvuta takriban ampea 20 zinaporusha, kwa hiyo muuzaji makini huja na chanzo cha umeme cha kutosha. Mwombe aiunganishe na mita ya wati pamoja na kizuizi cha omu 50 kinachofyonza nguvu badala ya antena, kisha mwenye leseni ya kurusha abonyeze maikrofoni kwenye bendi ya megahezi 14 na baadaye ya megahezi 28. Ikitoa wati 100 kwenye ya kwanza na 30 tu kwenye ya pili, kuna hitilafu katika sehemu ya kurushia, na matengenezo yake si ya mtu anayeanza. Sauti inayokwaruza unapozungusha kirekebishaji ni jambo dogo, kwani mara nyingi ni vumbi tu. Skrubu zilizochubuka vichwa ndizo zinazopaswa kukutia shaka, maana zinaonyesha kuwa kuna aliyeingiza mikono ndani. Asiyekubali kuiwasha redio yake, mwachie mali yake.

Ya pili ni redio ya mkononi ya megahezi 144 na 430, na hii ni afadhali uichukue ikiwa mpya, kwa sababu iliyotumika mara nyingi huja na betri iliyochoka. Itakufaa siku hiyohiyo, kwa kuwa washiriki huitana kwayo uwanjani.

Ya tatu ni kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Hakirushi, kwa hiyo kinamfaa anayejiandaa kwa mtihani wa leseni. Baada yake naweka vifurushi vya kujiundia redio ya wati 5 au pungufu, ambavyo vinafundisha mengi kuliko chombo kingine chochote hapa, lakini haviwezi kuhakikiwa mezani, na kipande kimoja kikikosekana utakigundua nyumbani ukiwa na chuma cha kulehemu mkononi.

Ya mwisho ni redio ya valvu. Inavutia macho, nakiri, na taa zake zikiwaka watu hujazana mezani; hata hivyo ndani yake mna mamia ya volti, kapasita zake za zamani huwa zimekauka, na valvu za akiba hazipatikani kirahisi.

Kwa vyovyote vile, bakiza fedha za antena, ambayo kwa bendi ya megahezi 14 inaweza kuwa waya wa shaba wa takriban mita 10 uliokatwa katikati. Kebo ya antena nunua mpya, kwa kuwa maji yakishaingia ndani ya ile ya zamani, nyuzi zake huwa nyeusi na nguvu hupotelea njiani.

Anza na meza za klabu zinazouza vifaa vya wanachama waliofariki, kwa sababu klabu hulinda jina lake na mara nyingi wapo wanaoijua historia ya redio husika. Redio nzuri huondoka asubuhi na mapema, ilhali vyanzo vya umeme vyenye transfoma nzito hushuka bei jioni, muuzaji anapotazama umbali wa gari lake.