Vihisi vya kupima mwendo wa mtoto: kwa Mombasa, vya kifundoni ni bora kuliko vya kiatuni

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembelea ncha za vidole, akiambiwa atembee mbele ya daktari, hujikaza akatembea vizuri kuliko anavyotembea akiwa nyumbani. Kwa hivyo nilifurahi sana kliniki ya tiba ya viungo tunayokwenda ilipoanza kuazima wazazi vihisi vya aina mbili: soli laini za kutia ndani ya viatu, na vidude vyepesi vya kufunga kwa mkanda juu ya vifundo vya miguu. Mwanangu amevaa vyote, nami nashauri vya kifundoni.

Soli zina sifa yake. Hupima mgandamizo wa unyayo, na hivyo huonyesha waziwazi iwapo kisigino kinatua au kinabaki juu, jambo ambalo kihisi cha kifundoni hulikisia tu kutokana na mchapuko (jinsi kasi ya mguu inavyobadilika) na jinsi mguu unavyozunguka. Lakini mtoto wa Mombasa huvua viatu mlangoni mwa nyumba, chuoni (madrasa) na msikitini, kisha jioni hucheza uani kwa kandambili au pekupeku. Ripoti ya soli ilituletea mwendo wa shuleni peke yake, na shida kubwa ya mwanangu huanza akisharudi.

Vya kifundoni viliendelea kupima hadi usiku. Katika mwendo wa kawaida, kila mguu hukaa chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, yaani tangu mguu ugusapo chini hadi ugusapo tena, na huwa hewani kwa asilimia 40 iliyobaki. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukipunguza muda wa kukaa chini kadiri jioni ilivyokaribia, na mtaalamu alipoliona hilo akayahamishia alasiri mazoezi ya kunyoosha misuli ya shavu la mguu. Vipimo vya namna hii vimekwisha kuaminiwa kwingineko: mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilikubali kasi ya hatua inayopimwa kwa kifaa cha kifundoni iwe kigezo kikuu cha kupima kama dawa inafaa katika majaribio ya dawa za ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ingawa huo ni ugonjwa tofauti na wa mwanangu.

Kasoro zipo. Kwa joto letu la Kaskazi, mkanda hulowa jasho na kuwasha ngozi, basi mvalishe mtoto soksi ya pamba kwanza. Ripoti nayo ni ya Kiingereza kitupu, na mzazi hana budi kumtegemea mtaalamu amsomee.

Lililonisumbua zaidi ni ulinganisho. Mwendo wa mtoto hukaribia wa mtu mzima afikapo takriban miaka 7, na kabla ya hapo hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo kabla ya kuazima uliza kama programu inayotoa ripoti inamlinganisha mtoto na watoto wa umri wake. Ikiwa sivyo, mwombe mtaalamu alinganishe vipimo vyake vya sasa na vyake mwenyewe vya awali.