Kucha Zangu, Upepo wa Dodoma na Chupa Tatu za Besi

Nilianza kuweka rangi ya jeli, ile ya kucha inayogandishwa kwa taa, kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu. Kabla ya hapo nilikuwa mteja wa wale vijana wanaozunguka soko la Majengo na vikapu vya rangi. Unakaa kwenye kigoda, anakusugua, anakupaka, unamlipa, na rangi ikibanduka Ijumaa hulalamiki, maana ulitoa elfu mbili tu. Jeli ni habari nyingine. Ukishatoa elfu ishirini halafu siku ya nne kipande kizima kinadondokea kwenye sufuria ya mchicha, unataka maelezo.

Nilipewa: "Dada, kucha zako ndiyo mbaya." Saluni yenyewe siitaji.

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Kucha zangu ni nyembamba, ukizibonyeza zinapinda kama kadi ya simu. Na huu mji hauzisaidii. Mvua zikishakata Aprili, hapa hatuoni tone hadi mwisho wa mwaka, na upepo wa Julai unapasua midomo, visigino na kucha kwa pamoja. Zangu huchanika kwa tabaka, kama kitunguu.

Nusu nyingine ilikuwa yao. Nikikumbuka sasa, yule dada alinilowesha vidole kwenye bakuli la maji ya moto dakika kumi, akanifuta, akapaka. Inaburudisha, sikatai. Lakini kucha hunywa maji zikatanuka, na baadaye zikikauka husinyaa. Jeli iliyokwisha kugandia juu haisinyai nazo, hivyo inaachia pembeni. Siku hizi mtu akileta bakuli namwambia aniloweshe miguu, mikono aiache kavu.

Nikaamua kununua vifaa vyangu, taa ya wati 48 na rangi nne, nikampata binti mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayewatengeneza wenzake kucha kwenye chumba chake cha kupanga Ng'ong'ona. Ndiye aliyenifungua macho kwamba muda wote nilikuwa nalaumu rangi, kumbe tatizo liko chini yake. "Dada, rangi haishiki kucha. Inashika besi," aliniambia, "na besi ndiyo inashika kucha." Basi nikaanza kutafuta besi, yaani ule mpako wa kwanza usio na rangi. Hadi leo nimetumia tatu.

Ya kwanza ilikuwa besi ya kawaida, nyepesi, inatiririka, shilingi elfu nane. Sina ugomvi nayo. Mwenzangu wa ofisini kule Mtumba ana kucha ngumu kama kokwa la embe, nilimpaka hiyo hiyo na akakaa nayo wiki tatu bila hata kona kuinuka. Kwangu ilidumu siku sita. Ikishakauka inakuwa ngumu kama kioo, na ukucha wangu ukipinda kwa kufungua boksi la mafaili, yenyewe haipindi. Inapata ufa nchani, maji ya kuoshea vyombo yanaingia, kwisha.

Ya pili ni ile wanayoiita besi ya rabba, elfu kumi na tano. Nzito, inavutika kama asali, na hata ikishakauka inabaki na unyumbufu kidogo, hivyo ukucha ukipinda nayo inapinda. Pia inajisawazisha: ukiiacha sekunde kadhaa kabla ya taa, inajaza vijibonde vya ukucha na juu panakuwa laini. Mara ya kwanza ilinikalia siku kumi na tisa, nikisonga ugali kila jioni. Nilianza kuwaonyesha watu vidole bila kuulizwa.

Ila inaunguza. Hilo hakuna aliyenionya. Nilipaka ya kunenepa, nikaingiza mkono kwenye taa, na ndani ya sekunde tano niliuchomoa kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Jeli inapoganda hutoa joto yenyewe. Ikiwa nene, na taa ina nguvu, joto lote linatoka kwa mpigo, na kwenye ukucha mwembamba hakuna cha kukukinga. Dawa niliyoipata ni kupaka mara mbili kidogo kidogo badala ya mara moja nzito, na kutumia kile kitufe cha sekunde 99 ambacho kwenye taa nyingi kama yangu huanza na mwanga hafifu kisha huongezeka. Ukisikia moto, toa mkono, hesabu hadi tano, rudisha. Usivumilie kishujaa. Ukucha ukiungua unaweza kuachana na nyama yake.

Tukiwa kwenye taa, dole gumba ulikaushe peke yake. Ukiingiza vidole vyote vitano, gumba linalala ubavu, upande mmoja haupati mwanga vizuri, na ndio unaobanduka kwanza. Niliteseka na gumba la kulia miezi miwili kwa sababu hiyo tu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ulivyonikatikia mkono mmoja ukiwa mbichi, unakaa umenyoosha vidole kama unayesubiri kuvishwa pete. Kama bado hujanunua taa, tafuta ya kuchaji.

Chupa ya tatu sikuinunua kwa hamu. Yule binti alianza kuwashwa ncha za vidole, ngozi ikawa inapasuka. Alikuwa na mazoea ya kufuta jeli iliyomwagika pembeni kwa kidole kitupu. Besi nyingi zina kemikali iitwayo HEMA, ndiyo inayosaidia jeli kung'ang'ania ukucha, na kwa kuwa chembe zake ni ndogo hupenya ngozi kirahisi ikiwa mbichi. Mzio wake ukishakuingia kwa kawaida hautoki tena maishani, na unaweza hata kukusumbua kwa daktari wa meno, maana baadhi ya vifaa vya kuzibia meno viko ukoo mmoja nayo. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi waliosomea tu. Huko huko, TPO, kemikali nyingine inayosaidia jeli kugandishwa na taa, imepigwa marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025. Kwetu chupa zote zimepangwa rafu moja, kwa hiyo kusoma maandishi ya nyuma ni kazi yako, na kama hayasomeki hata kwa miwani, irudishe.

Niliagiza isiyo na HEMA kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi, elfu ishirini na nane pamoja na usafiri. Ni nzuri, haikuniunguza, ila ilidumu siku kumi na nne kwangu na inadai maandalizi safi kabisa: ngozi iliyopandia ukucha isukumwe na kuondolewa, msasa laini upite kidogo kuondoa mng'ao, spiriti ifute mafuta, na brashi isiguse nyama kabisa. Ikigusa, futa kwa kijiti kabla ya taa. Kwa kweli hayo yote ni ya kufanya kwa besi yoyote. Ile ya rabba ilikuwa inanisamehe, hii haisamehi. Na usidhani maandishi ya "haina HEMA" yanamaanisha haina mzio, kuna ndugu zake wengine humo ndani.

Kosa langu kubwa halikuhusu kupaka. Siku moja kwenye kikao kirefu nilianza kuchokonoa kona iliyoinuka, kidogo kidogo, hadi nikaibandua yote. Ikaondoka na ngozi ya juu ya ukucha, ukabaki mwekundu, hata maji ya uvuguvugu yaliuma. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo nilibeba alama ile karibu nusu mwaka. Sasa nampelekea binti anapunguza kwa tupa rangi ya juu, anaacha besi nyembamba pale pale, anapaka upya. Tukitaka kuondoa yote ni asetoni, pamba na foili, robo saa, bila kukwangua kwa nguvu.

Usiku napaka mafuta ya alizeti ya Singida kuzunguka kucha, yale yale ya kupikia. Mume wangu anasema nanukia chapati. Lakini hayo ni baada ya jeli kukauka, kabla yake hata tone lisiguse.

Mpaka sasa narudi kwenye rabba, na ile ya tatu nimemwachia binti kwa ajili ya vidole vyake, naye amenunua glavu. Chupa yangu imebaki robo. Nimeagiza nyingine yenye rangi ya waridi iliyofifia, ambayo unaiwekea topu koti, yaani mpako wa mwisho wa juu, ukamaliza, bila rangi nyingine yoyote.