Vigari vya chuma vya kwenye gemu: kipi uanze nacho, kipi kisubiri

Kabla hujatoa pesa kununua kigari cha gemu, kiangalie kana kwamba nembo zote zimefutwa. Je, bado ungejua kimetoka kwenye gemu gani? Swali hilo ndilo lililopanga orodha hii. Magari yaliyozaliwa ndani ya gemu yako juu. Magari ya barabarani yaliyopakwa jina la gemu yako chini, hata yakiwa na umbo zuri kiasi gani.

Nazungumzia vigari vya kushika kiganjani, ambavyo bodi yake ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Wakusanyaji huviita vya 1:64, maana yake gari limepunguzwa mara 64: gari la mita nne na nusu linabaki sentimita saba hivi. Kwa gari ambalo halijawahi kukanyaga lami, kipimo hicho kichukue kama makadirio tu.

Nafasi ya kwanza: Mario Kart za Hot Wheels

Hapa sina kigugumizi. Gemu ya kwanza ya Mario Kart ilitoka mwaka 1992, lakini Mattel, kampuni yenye chapa ya vigari ya Hot Wheels, walianza kutoa vigari vyake kama mfululizo kamili mwaka 2019. Bodi ni chuma, dereva ni plastiki na hatoki kwenye kiti. Mario anakuja na Standard Kart yake nyekundu, na ukiifahamu gemu utaona ekzosi ziko pale pale ulipozizoea. Ziko pia Pipe Frame, ambayo ni mabomba matupu na injini, na Wild Wing yenye mwili wa gari la mashindano. Baadaye vikaongezwa vigari vyenye tiara za kurukia juu ya kichwa cha dereva, kama zile zilizoingia kwenye gemu mwaka 2011 na Mario Kart 7.

Kinachoviweka juu ya vingine vyote ni kwamba kigari kimoja kinakupa vitu viwili: gari na mhusika. Mtoto anakielewa bila maelezo, na mtu mzima aliyeshikilia kidhibiti usiku kucha na ndugu zake anakielewa zaidi. Pia vinateleza kwenye reli za Hot Wheels, na zipo seti za njia zilizotengenezwa kwa ajili yake, mojawapo ikiwa Rainbow Road.

Bei ndiyo itakayokuuma. Kigari cha kawaida cha Hot Wheels huko Marekani huuzwa dola moja na kitu, wakati cha Mario Kart huanzia kama dola 5. Ukikipata huku kwetu kupitia kwa muuzaji wa mtandaoni, jumlisha usafiri na faida yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni pakiti ya vinne. Ndani yake mara nyingi huwekwa kimoja kisichouzwa peke yake, na gharama ya kusafirisha inagawanyika. Usinunue kimoja kimoja kutoka ng'ambo isipokuwa unamtafuta mhusika mmoja tu.

Kimoja cha kukagua kwa makini ni uso wa dereva. Macho huchapwa kwa mashine, na mara nyingine huwa yamesogea kidogo. Muuzaji akikutumia picha, mwombe ya karibu, ya kutoka mbele.

Ya pili: Warthog ya Halo

Gari la kijeshi lenye bunduki kubwa nyuma, lililojulikana tangu gemu ya kwanza ya Halo mwaka 2001. Hot Wheels walilitoa dogo, na kwangu ndilo gari la gemu lenye umbo bora kuliko yote. Halifanani na gari lolote la mtaani, na ukilipindua utaona walivyohangaika nalo. Limeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu moja: utalipata zaidi kwa watu wanaouza makusanyo yao, na bei hupangwa na muuzaji. Likiwa limetolewa kwenye pakiti na rangi haijachubuka, lichukue. Hulihitaji likiwa bado kwenye kadi yake ya dukani.

Ya tatu: Speed Star ya Sonic

Kampuni ya JAKKS Pacific ndio walioitoa, gari la buluu la Sonic kutoka gemu za mbio, Team Sonic Racing ya 2019 ikiwamo. Ni chaguo zuri kwa mtoto, na linakaa vizuri kando ya Mario rafuni. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Ya nne: Nissan Concept 2020 Vision Gran Turismo

Hili lina kisa. Mwaka 2013, watengenezaji wa Gran Turismo waliziomba kampuni za magari zichore gari la ndoto kwa ajili ya gemu yao. Nissan walionyesha lao mwaka 2014, na Hot Wheels wakaja kulimimina. Kwa hiyo ni gari la kampuni ya kweli, lakini lilichorwa lipate kuendeshwa kwenye skrini. Linapita mtihani wangu kwa taabu, ila linapita. Tafuta lenye matairi ya mpira ukimudu. Yale ya plastiki yanalipunguzia hadhi.

Chini kabisa

Magari ya kawaida yenye chapa ya gemu za mbio za Forza au Gran Turismo ubavuni. Mengi ni vigari vile vile vya kalibu ya zamani vilivyopakwa rangi mpya. Kama unalipenda gari lenyewe, nunua toleo lake la kawaida kwa bei ndogo. Na yale magari yaliyogeuzwa sura ya mhusika, taa zikiwa macho na boneti ikiwa pua, mimi nayaacha. Ndani ya gemu hakuna anayeyaendesha.

Wapo pia waliopita njia hii kinyumenyume. Twin Mill, gari la injini mbili, ilichorwa na Hot Wheels mwaka 1969 ikiwa kitu cha kuchezea tu, na mwaka 2017 ikaingia kwenye Forza Horizon 3. Haimo kwenye orodha kwa kuwa haikutoka kwenye gemu, lakini mimi nimeiweka rafu moja na Warthog na siitoi.

Kabla hujalipa

Pindua gari. Chini kuna jina la kampuni, jina la gari na nchi lilikotengenezwa. Maandishi yakiwa yamefifia au hayapo, muulize muuzaji vizuri. Mwaka ulioandikwa hapo si mwaka lilipotengenezwa, ni wa kalibu, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei eti ni "la zamani". Kwenye Hot Wheels tafuta herufi moja na tarakimu mbili zilizogongwa: herufi ni mwaka, tarakimu ni wiki. Hizo ndizo zinazokwambia umri wake.

Sukuma kila gurudumu kwenye meza iliyo sawa. Ekseli iliyopinda hainyooki tena bila kufungua ribiti, na gari lililofunguliwa hushuka thamani.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Kadi hulegea na kujikunja, na ekseli za chuma huanza kutu. Weka vigari kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na rafu isiwe dirishani. Jua la mchana litaipausha ile nyekundu ya Mario.